Barua ya likizo ya mwaka: omba tarehe, usiombe huruma

Barua nyingi za likizo hukwama mezani kwa bosi kwa sababu mwandishi amemaliza aya mbili akijieleza jinsi alivyochoka, halafu hakuandika siku atakayorudi kazini. Anayepaswa kuweka saini anabaki na maswali. Anaiweka barua pembeni akisema atamwita mhusika, na wiki mbili zinapita.

Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, likizo ya mwaka yenye malipo ni haki iliyoandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. Sheria hiyo hiyo inampa mwajiri mamlaka ya kupanga likizo ichukuliwe lini. Kwa hiyo barua yako haimwombi mtu akuonee huruma. Inapeleka tarehe unazotaka, inaonyesha kwamba siku zako zipo, na inamhakikishia anayesoma kwamba kazi haitalala. Maneno kama "naomba kwa unyenyekevu mkubwa unifikirie mtumishi wako" hayaongezi nguvu hata kidogo. Adabu ya barua rasmi inatosha: Ndugu, naomba, nashukuru, basi.

Nitaeleza ya Tanzania Bara kwa sababu ndiko sheria hiyo inakotumika. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, hivyo aliye Unguja au Pemba atafuata hiyo, ingawa umbo la barua ni lile lile.

Kabla ya kushika kalamu, hesabu siku

Makosa mengi ya barua hizi ni ya hesabu. Sheria inatoa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo. Mfululizo maana yake Jumamosi na Jumapili zimo ndani, na sikukuu pia zimo. Ukichukua likizo inayopita juu ya Sabasaba, siku hiyo imeliwa, haiongezwi mwishoni. Watu hugombana na ofisi ya rasilimali watu kuhusu jambo hili kila mwaka, na karibu mara zote ofisi ndiyo huwa sahihi. Isipokuwa mkataba wako unasema vizuri zaidi: baadhi ya makampuni na mashirika huhesabu siku za kazi pekee. Soma mkataba na kanuni za utumishi za ofisi yenu kabla ya kupiga hesabu.

Kenya wana mtindo mwingine, na hili huwachanganya wanaohamia huku na huko kikazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi baada ya miezi 12 ya utumishi. Chukua likizo inayoanza Jumatatu tarehe 15 Juni 2026. Wa Dar es Salaam mwenye siku 28 atamaliza Jumapili tarehe 12 Julai na kurudi Jumatatu tarehe 13. Wa Nairobi anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa atahesabu siku 21 za kazi mpaka Jumatatu tarehe 13 Julai, arudi Jumanne tarehe 14. Tofauti ya mwisho ni ndogo, lakini ukinakili barua ya rafiki wa upande wa pili utaandika "siku 21" mahali penye 28, na utakuwa umejidhulumu wiki nzima.

Kosa jingine ni la kujumlisha. Mtu huchukua tarehe 15 Juni, akaongeza 28, akapata 13 Julai, akaandika "kuanzia tarehe 15 Juni hadi 13 Julai". Hizo ni siku 29, kwa sababu siku ya kwanza nayo inahesabiwa. Njia salama ni kuhesabu kwa vidole juu ya kalenda: Juni kutoka 15 hadi 30 ni siku 16, zinabaki 12, basi mwisho ni tarehe 12 Julai. Halafu andika tarehe tatu, si mbili: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho ya likizo, na siku ya kuripoti kazini. Na kila tarehe ibebe jina la siku yake. Ukiandika "Jumatatu tarehe 13 Julai" na tarehe hiyo ikawa kweli Jumatatu, msomaji anajua umehesabu. Ukiandika "hadi tarehe 13" peke yake, wewe utaelewa kwamba tarehe 13 bado uko nyumbani, na meneja ataelewa kwamba tarehe 13 uko mezani kwako. Barua za onyo kwa kuchelewa kurudi huzaliwa hapo.

Kisha tafuta salio lako. Mzunguko wa likizo ni miezi 12 mfululizo tangu ulipoajiriwa, au tangu mzunguko uliotangulia ulipoisha. Aliyeajiriwa tarehe 1 Aprili 2025 amefunga mzunguko tarehe 31 Machi 2026. Ofisi nyingi huwaweka wafanyakazi wote kwenye mzunguko mmoja, mathalani Januari hadi Desemba. Sheria inaruhusu mkikubaliana, mradi usipunjwe. Aliye chini ya miezi sita kazini bado hana haki ya likizo yenye malipo kwa sheria hii, ukiacha hali chache kama za wafanyakazi wa msimu. Huyo akiandika barua, aombe ruhusa isiyo na malipo, na aiite hivyo.

Kuna jambo moja ambalo wafanyakazi wengi hawalijui mpaka siku wanapoambiwa salio limepungua. Mwajiri anaweza kutoa kwenye siku 28 zile siku za ruhusa yenye malipo ulizoomba mwenyewe ndani ya mzunguko. Ulikwenda harusini Februari siku tatu, mshahara haukukatwa: zimebaki 25. Lakini siku za msiba wa ndugu wa karibu si za kukatwa humo. Mtoto akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, sheria inakupa angalau siku 4 zenye malipo, kando kabisa ya likizo ya mwaka. Ndiyo maana barua ya ruhusa ya msiba lazima itaje nani amefariki na ni nani kwako. Ukiandika "naomba ruhusa ya dharura" tu, karani ataziweka kwenye fungu la ruhusa za kawaida, na Juni utakuta zimekatwa.

Nani anaandikiwa, na kupitia kwa nani

Barua huandikwa kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha: Meneja Rasilimali Watu, Mkurugenzi, Katibu, kulingana na ofisi. Kwa mwalimu wa shule ya serikali ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Lakini hupelekwa kupitia kwa msimamizi wako wa karibu, na hilo huonyeshwa kwa mstari wa K.K., yaani kupitia kwa. Msimamizi huandika maoni yake mafupi pembeni au chini, "Napendekeza aidhinishwe", akatia saini na tarehe, ndipo barua inapanda juu. Ukiruka ngazi hii, barua itarudishwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Tena utakuwa umemfanya msimamizi asikie habari za likizo yako kutoka kwa bosi wake, jambo ambalo halitakusaidia.

Kwa hiyo nenda kaongee naye kwanza. Muulize kama tarehe hizo zinamfaa, na nani atashika kazi. Kama ofisi ina ratiba ya likizo iliyopangwa mwanzoni mwa mwaka, angalia jina lako liko mwezi gani. Ukiomba mwezi ulioandikwa kwenye ratiba, barua ni ya kukamilisha utaratibu tu. Ukiomba mwezi mwingine, taja kwamba ratiba inasema vingine na kwa nini unaomba kubadilishiwa.

Muda wa kuipeleka hutegemea kanuni za ofisi, mwezi mmoja kabla au wiki mbili. Mimi nasema wiki sita, hasa kama kuna safari ndefu ya kukata tiketi mapema, au kama kuna nauli ya likizo inayopaswa kupita kwa mhasibu.

Mfano wenyewe

Huu ni wa mtunza stoo wa kampuni binafsi Dar es Salaam anayekwenda Bukoba. Nimemchagua mtunza stoo kwa makusudi, kwa kuwa kazi yake haiachiki hivi hivi.

(Jina lako kamili),
Idara ya Ghala,
S.L.P. ……,
Dar es Salaam.
4 Mei 2026

Meneja Rasilimali Watu,
(Jina la kampuni),
S.L.P. ……,
Dar es Salaam.

K.K.: Mkuu wa Ghala

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, SIKU 25, KUANZIA TAREHE 18 JUNI 2026

Naomba kwenda likizo yangu ya mwaka kwa siku 25 mfululizo, kuanzia Alhamisi tarehe 18 Juni 2026 hadi Jumapili tarehe 12 Julai 2026. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 13 Julai 2026.

Likizo hii ni ya mzunguko wa tarehe 1 Aprili 2025 hadi tarehe 31 Machi 2026, wenye siku 28. Siku 3 nilizitumia kwa ruhusa yenye malipo, tarehe 10 hadi 12 Februari 2026. Salio ni siku 25.

Kazi ya kupokea na kutoa mizigo itashikwa na Ndugu (jina), mtunza stoo msaidizi, ambaye tumeshakubaliana. Tutahesabu mali pamoja Jumanne tarehe 16 Juni, na hati ya makabidhiano itasainiwa Jumatano tarehe 17 Juni mbele ya Mkuu wa Ghala.

Nikiwa likizo nitakuwa Bukoba, mkoa wa Kagera. Kwa jambo la dharura nitapatikana kwa simu namba ……

Naomba mshahara wa kipindi cha likizo ulipwe kabla ya tarehe 18 Juni kama sheria inavyoelekeza.

Endapo tarehe hizi zitagongana na kazi za kampuni, niko tayari kuanza Alhamisi tarehe 2 Julai na kuripoti Jumatatu tarehe 27 Julai 2026.

Natanguliza shukrani.

Wako katika kazi,
(Saini)
(Jina kamili)
Mtunza stoo, namba ya mfanyakazi ……

Nakala: Mkuu wa Ghala

Ni ukurasa mmoja, na usizidi hapo. Tazama kichwa cha habari: kimebeba aina ya likizo, idadi ya siku na tarehe ya kuanza, ili hata anayepitisha macho tu juu ya rundo la barua ajue hii inahusu nini. "YAH: LIKIZO" peke yake haimwambii mtu kitu, maana inaweza kuwa ya uzazi, ya ugonjwa au malalamiko.

Kuanza Alhamisi nako kuna sababu. Siku 25 si wiki kamili, kwa hiyo ukianza Jumatatu tarehe 15 utamaliza Alhamisi tarehe 9 Julai na kutakiwa kazini Ijumaa, siku moja tu kisha mapumziko. Ukisogeza mwanzo hadi Alhamisi, likizo inaishia Jumapili na unarudi Jumatatu. Idadi ni ile ile, ila msafiri wa Bukoba hatalazimika kukatisha safari kwa ajili ya Ijumaa moja. Anayefanya kazi kwa zamu ahesabu kwa kufuata ratiba yake ya zamu, si kwa kalenda ya ofisini.

Tarehe mbadala ndiyo aya ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiacha. Kampuni zinazofunga mwaka wa hesabu tarehe 30 Juni huhesabu mali siku hizo, na hakuna meneja atakayemruhusu mtunza stoo aondoke tarehe 18. Bila tarehe mbadala jibu lingekuwa "haiwezekani kwa sasa", na "kwa sasa" haina mwisho. Ikiwepo, meneja anazungushia mstari tarehe 2 Julai na kutia saini. Kila kazi ina majira yake ya kuepuka. Mhasibu ajihadhari na mwisho wa mwaka wa fedha, wa duka la nguo na Desemba, wa ghala la korosho Mtwara na Oktoba hadi Desemba. Mwalimu, yeye likizo yake hufuata likizo ya shule.

Sababu ya likizo sikuiandika kabisa. Likizo ya mwaka haihitaji sababu. Ukiandika "ili nikamalizie nyumba yangu", umempa mtu nafasi ya kupima kama nyumba yako ina haraka kuliko mzigo wake.

Makabidhiano: hapa ndipo palipo na matata

Aya ya makabidhiano ni mistari mitatu kwenye barua, lakini ndiyo inayokulinda ukishaondoka. Mtunza stoo akiondoka bila kuhesabu mali, upungufu wowote utakaoonekana siku ya kumi ya likizo utakuwa wake, kwa sababu hakuna karatasi inayosema aliacha nini. Wahesabu wawili pamoja, anayeacha na anayepokea. Walinganishe na leja, na tofauti ikionekana iandikwe hapo hapo hata kama ni katoni mbili. Hati ya makabidhiano itaje salio la kila bidhaa, funguo ni ngapi na za milango ipi, mizigo iliyoagizwa ambayo bado haijafika, na karatasi zilizokuwa zinasubiri saini. Nakala tatu: yako, ya anayepokea, ya mkuu wenu.

Kwa kazi za mezani hati huwa fupi zaidi, ila isiwe orodha ya majukumu iliyonakiliwa kutoka kwenye mkataba wa kazi. Andika kilichoko njiani: ankara ipi haijalipwa, mteja yupi ameahidiwa jibu na lini, faili liko kabati gani. Nywila usiiandike kwenye hati. Mwombe mtu wa kompyuta ampe mwenzako ruhusa ya kuingia kwa jina lake mwenyewe. Ukimwachia nywila yako, kila atakachokifanya kitaonekana umekifanya wewe.

Na usimtaje mwenzako kwenye barua kabla hujamwuliza. Inatokea mara nyingi kwamba anayetajwa naye ameshaandika likizo ya wiki zile zile, na barua mbili zinarudi pamoja.

Fedha

Sheria inasema mshahara wa kipindi cha likizo ulipwe kabla likizo haijaanza. Waajiri wengi hulipa tarehe ya kawaida ya mwisho wa mwezi, na wafanyakazi wengi hawasemi kitu. Sentensi moja kwenye barua inatosha kuikumbusha ofisi, na nimeshauri uiandike hata kama unadhani haitatekelezwa.

Nauli ya likizo ni jambo jingine. Kwa watumishi wa umma, nauli ya likizo hulipwa mara moja kila baada ya miaka miwili kwa utaratibu wa serikali. Hivyo mtumishi ataje kwenye barua kama huu ni mwaka wake wa malipo, mara ya mwisho alilipwa lini, na wategemezi anaosafiri nao. Wa sekta binafsi asome mkataba wake, mkataba wa hali bora kama chama cha wafanyakazi kimeufunga na mwajiri, na amri ya mishahara ya sekta yake. Kama haki hiyo imeandikwa, iombe kwa kutaja mahali ilipoandikwa. Usiandike "naomba na posho ya likizo" kwa kubahatisha.

Kuna pia hili la "kuuza" likizo. Mwajiri anaweza, kwa ridhaa yako, kukuomba ufanye kazi wakati wa likizo na akulipe mshahara wa mwezi mmoja badala yake, ila si kwa miaka miwili mfululizo. Ukikubali, mtake aandike. Makubaliano ya mdomo ya namna hii ndiyo huwafanya watu waondoke kazini wakidai siku ambazo hakuna karatasi inayozithibitisha.

Mfanyakazi wa nyumbani naye ana siku 28

Hapa niseme kwa uwazi, kwa sababu wengi wanaosoma ni waajiri wa namna hii. Sheria ya 2004 imewaacha nje JWTZ, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikumwacha nje dada anayelea watoto wako. Kumpa wiki moja ya Krismasi bila mshahara si likizo ya mwaka. Naye hahitaji barua yenye sanduku la posta. Ujumbe wa simu unatosha, na una faida ya kubaki na tarehe yake:

"Shikamoo mama. Tarehe 31 Mei natimiza mwaka mmoja wa kazi. Naomba likizo yangu ya siku 28 kuanzia Jumatatu tarehe 8 Juni hadi Jumapili tarehe 5 Julai, nirudi kazini Jumatatu tarehe 6 Julai. Naomba na mshahara wa likizo kabla sijasafiri. Kama tarehe hizo hazikufai, naomba uniambie zipi zinafaa."

Mwajiri mwema atajibu kwa maandishi pia. "Sawa, tarehe 8" tu inatosha.

Kuipeleka na kufuatilia

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masjala au kwa katibu muhtasi, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa au iandikwe "Imepokelewa", jina, saini na tarehe, kisha uondoke nayo. Ukituma kwa barua pepe, kichwa cha ujumbe kiwe kile kile cha barua na msimamizi awekwe kwenye nakala. Watumishi wa umma sasa huomba kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni ambako mtumishi hujihudumia mwenyewe, na makampuni mengi yana mifumo yao. Huko fomu hubeba tarehe na salio, lakini hati ya makabidhiano bado utaiandika mwenyewe. Hifadhi picha ya ukurasa unaoonyesha ombi limeidhinishwa.

Zikipita siku saba za kazi bila jibu, andika mistari miwili ya kukumbusha ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Kimya si kibali. Usisafiri kwa sababu "bosi alitikisa kichwa". Kwa miongozo ya kazi ya mwaka 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kunaweza kuwa kosa la kufukuzisha kazi, na tiketi ya basi haitakutetea.

Likizo ikikataliwa

Mwajiri ana haki ya kusogeza tarehe. Hana haki ya kuifuta likizo. Ni lazima ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Anaweza kuisogeza hadi miezi 12 pale tu wewe unaporidhia na mahitaji ya kazi yanapohalalisha. Kwa mtunza stoo wetu, mzunguko uliisha tarehe 31 Machi 2026, hivyo ukomo ni tarehe 30 Septemba 2026, na kwa ridhaa yake ni tarehe 31 Machi 2027. Ndiyo sababu barua ilitaja mzunguko. Ukiambiwa "subiri", jibu kwa maandishi:

"Nimepokea maelezo kwamba likizo niliyoomba tarehe 4 Mei haitawezekana Juni wala Julai. Mzunguko wangu uliisha tarehe 31 Machi 2026, na miezi sita inaisha tarehe 30 Septemba 2026. Naomba nipangiwe tarehe nyingine kabla ya siku hiyo."

Hakuna ukali humo, na hakuna anayeweza kusema hakuelewa. Kama bado hakuna kinachosogea, zungumza na chama cha wafanyakazi tawi la hapo kazini au ofisa kazi wa eneo lako. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa madai yasiyo ya kufukuzwa kazi unatakiwa kufungua ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na nakala zile zenye "Imepokelewa" ndizo utakazoweka mezani. Ukiacha kazi kabla ya kutumia likizo ya mzunguko unaoendelea, malipo yake huhesabiwa kwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi.

Ukiugua ukiwa likizo

Siku za ugonjwa na siku za likizo ya mwaka ni mafungu mawili, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha utumie likizo ya mwaka badala ya ya ugonjwa. Ukilazwa hospitali Bukoba siku ya nane ya likizo, mpigie msimamizi siku hiyo hiyo, kisha tuma ujumbe wa maandishi wenye tarehe. Chukua cheti cha daktari aliyesajiliwa kinachoonyesha umepumzishwa kuanzia lini hadi lini. Risiti ya dawa haitoshi. Ukirudi, ambatisha cheti na barua fupi ukiomba siku hizo zihamishiwe likizo ya ugonjwa na zirudishwe kwenye salio lako la mwaka. Usijiongezee siku mwenyewe huko huko: kama cheti hakikuzuii kusafiri, ripoti tarehe iliyoandikwa kwenye barua, halafu siku zilizorudi uzipangie tarehe mpya kwa barua nyingine.